Mama Mkwe na Ndoo ya Kuku

"Nani anachachusha uji kwa hii nyumba?"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe kutoka chumba cha wageni, na niliposikia nikasimama na mwiko mkononi. Tangu aletwe kwetu kutoka hospitalini hakuwa amesema neno refu kuliko "asante" na "niko sawa." Unampelekea chai, asante. Unamuuliza kama nyonga inamuuma, niko sawa. Halafu anageuka kuangalia ukuta. Sasa ghafla anauliza swali, tena kwa sauti ya mtu mwenye boma lake.

"Si uji, Mama," nikamjibu kutoka jikoni. "Ni chakula cha kuku."

"Ya kuku? Na mbona inanukia vizuri hivyo?"

Alikuwa ameanguka kwake Elburgon, akitoka kukatia ng'ombe nyasi. Huko juu karibu na msitu wa Mau mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni, na yeye hajawahi kumsubiri mtu amsaidie kubeba kitu. Akavunjika nyonga. Akapasuliwa, akawekewa vyuma, akapewa kile chuma cha miguu minne cha kutembelea, na kwa vile mzee wangu ndiye mtoto wake wa kiume wa pekee, akaletwa kwetu. Daktari alisema atatembea vizuri tu, mradi afanye mazoezi kila siku. Hakufanya hata moja.

Na hakufanya kwa sababu ya kile kikao. Kabla hata mshono haujakauka, mzee wangu na wifi zangu wawili walikaa sebuleni kwangu wakakata kesi. Mvua ya kupanda ikikaribia, Mama awe anaweza kutoka mlangoni mwetu hadi lami peke yake bila kushikwa na mtu. Akiweza, atarudi kwake. Asipoweza, nyumba ya Elburgon ifungwe, ng'ombe auzwe, shamba likodishwe, na yeye akae kwetu mpaka mwisho wa maisha yake. Walisema hayo yote yeye akiwa pale pale kwenye kochi, wakimpita kwa macho, hata wifi mkubwa akauliza ni nani atachukua kabati lake. Nilimwona Mama akiitazama mikono yake. Kesho yake ndipo alipogeukia ukuta.

Nami niseme ukweli, nilikuwa namwombea atembee, na haikuwa kwa upendo. Mimi na yeye hatukuwa tumegombana hata siku moja, lakini pia hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wa salamu, wa kilo mbili za sukari wakati wa Krismasi. Kumwona asubuhi na jioni akiwa kimya ndani ya nyumba yangu kulinichosha roho. Mimi ni mtu wa kelele. Nikikasirika nasema, nikifurahi nasema, na mtu ambaye hasemi ananifanya nihisi kwamba kuna kitu nimeiba.

Sasa turudi kwa ile ndoo ya chakula cha kuku. Tunaishi kwenye ploti upande wa nyuma wa mtaa wa Kaptembwo, pale nyumba zinapoanza kuachana na mtu anaweza kuwa na banda bila jirani kumpigia chifu simu. Nina matetea ya kienyeji na jogoo mmoja mwenye kiburi cha mbunge. Niliona kwenye simu kwamba ukiloweka chakula cha kuku ukakiacha siku kadhaa kikachacha, kuku wanakula kidogo na wanashiba, kiini cha yai kinakuwa na rangi, na banda halinuki sana. Haya. Nikatafuta ndoo ya rangi, nikaiosha, nikatia pumba za mahindi, pumba za ngano na mahindi yaliyovunjwa, nikamwaga maji yakafunika kila kitu, nikakoroga vizuri. Kisha nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mimi nikifunga kitu nakifunga.

Wee! Kumbe kile kitu kikichacha kinatoa hewa. Jioni moja mzee wangu alikuwa anaombea chakula, yuko katikati ya kushukuru, tukasikia paa! Kifuniko kilienda kikagonga dari, na pumba zikatapakaa hadi kwenye kalenda ya kanisa. Nilipofumbua macho mzee alikuwa ameshaingia chini ya meza, na hakusema amina. Tangu siku hiyo nikawa nafunika ndoo kwa kitambaa tu.

Harufu ya ndoo hiyo ndiyo iliyomwita Mama. Nilidhani akishauliza swali lake atarudi kwenye ukuta. Nikasikia chuma kikigonga sakafu, kaa, kaa, polepole, na mara akatokea mlangoni pa jikoni akihema, leso imekaa upande. Hakuwa amewahi kufika jikoni kwangu tangu aje. Akainama, akatia kidole ndani ya ndoo, akakilamba.

"Mama! Hicho ni cha kuku!"

"Bado," akasema. "Haijashika. Nani alikufundisha?"

"Niliona kwa simu."

Akaniangalia muda mrefu sana. "Simu," akasema. "Simu imekufundisha kuchachusha."

Mnajua, kwao wanawake walikuwa wakichachusha uji wa wimbi na mahindi tangu mama zao na mama za mama zao, uji wa kupokea wageni na wa kunywesha mama aliyejifungua. Kwake ile ndoo haikuwa habari mpya hata kidogo. Habari mpya ilikuwa kwamba mke wa mwanawe, mwenye wajukuu tayari, anaifanya vibaya. Akaniamuru kila nikichota niache kiasi chini ya ndoo, ili kile cha zamani kiamshe kipya. Akasema nimeweka maji mengi, kuku si bata. Akasema ndoo iko mahali penye baridi. Nikamwambia basi aniambie pa kuiweka. Akaelekeza kidole kando ya jiko la makaa.

Nikaweka. Asubuhi nikakuta chakula kimefura, kimepanda, kimemwagika, kimetambaa chini ya friji na kuingia ndani ya viatu vya mzee vya kwendea kazini. Hapo nilisahau kabisa kwamba kuna mgonjwa ndani ya nyumba.

"Mama!" nikapiga kelele. "Njoo uone kazi yako!"

Akaja. Kaa, kaa, kaa. Akasimama akaangalia sakafu, akaniangalia mimi nikiwa nimepiga magoti na tambara, nikinung'unika. Nilifikiri atasema pole.

"Basi jiko lako lina moto mwingi," akasema. "La kwangu halina hiyo tabia."

Nilimkasirikia mpaka saa nne. Lakini nilipokuwa nikikamua tambara nikagundua kwamba tumegombana, na kwamba nyumba ilikuwa na sauti, na nikajisikia vizuri kuliko wiki zote zilizopita. Tukakubaliana kuihamishia ndoo nyuma ya jikoni, juu ya jiwe linalopata jua la mchana, na usiku kuivika sweta kuukuu la mzee. Ilichacha sawasawa. Ikawa na mapovu madogo juu na harufu ya uji mzuri, ile inayokufanya umeze mate.

Shida mpya ikawa kwamba haniamini. Nikitoka bandani ananihoji. Wamekula vipi? Wamekula vizuri, Mama. Yule mweusi amekula? Amekula. Wamebakisha? Sijui, Mama, nina kazi. "Ikibaki inaoza," ananiambia, "na ikioza watahara. Wewe unaangalia kuku kama mtu anayepita na pikipiki." Banda liko upande wa chini kabisa wa ploti, na njia ya kwenda huko inateremka kidogo. Nikamwambia kama haniamini aende akaone mwenyewe.

Sikuwa nimepanga chochote, naapa. Nilikuwa nimechoka tu kuhojiwa.

Siku hiyo alifika hadi kwenye kamba ya nguo, akasimama hapo ameshika nguzo, akapiga kelele kutoka mbali kwamba sahani ya kuku ni ndogo, wanyonge hawapati. Kesho yake akapita kamba. Baadaye nikamkuta mlangoni pa banda, ameketi juu ya ndoo tupu iliyopinduliwa, akimkaripia jogoo. "Toka hapo! Kwani hawa si wake zako? Waache wale." Jogoo akatoka. Mimi sijawahi kumtoa yule jogoo kwa maneno.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi tunachota, mimi nabeba, yeye anakuja nyuma na chuma chake. Kuku wakishamaliza anaikagua sahani kama mwalimu wa zamu. Jioni anaenda tena peke yake kuhakikisha wamelala wote. Baada ya muda chuma kikawa kinabaki mlangoni na anatumia fimbo. Mguu ulikuwa unamuuma, nilimsikia akijisemea kwa lugha yake akipanda ule mteremko, na maneno mengine nisingeyarudia mbele ya padri. Lakini alipanda. Hakuna aliyetamka neno mazoezi, na mimi nilijichunga nisilitamke.

Halafu mchana mmoja mimi na yeye tulikuwa bandani tukikusanya mayai, na mzee wangu akaja nyumbani bila kutarajiwa. Anauza mbao mjini, na siku hiyo mteja alikuwa amekataa mzigo, kwa hivyo alikuja na njaa na hasira. Nilikuwa nimeacha sufuria juu ya meza ya jikoni. Ndani yake nilikuwa nimechota kiasi cha ile ndoo ili kiwe mbegu ya kuanzishia ndoo ya pili, kwa maana mambo yalikuwa yamepanuka.

Tuliporudi tukamkuta mezani, shati limefunguliwa vifungo viwili, mbele yake kikombe kikubwa kinatoa mvuke, na masharubu meupe kwa uji.

"Mama!" akasema, na uso wake ulikuwa wa mtoto wa darasa la kwanza. "Kumbe umeweka uji wa kuchacha na hamniambii! Nimesikia harufu tu, nikajua huyu ni Mama. Nimechuja, nimechemsha. Haki, miaka mingapi sijaonja hii kitu?"

Nikamwangalia Mama. Mama akaniangalia. Zilikuwa pumba safi kutoka kwa posho mill wanakosaga unga, hazikuwa na dawa wala kitu kingine, kwa hivyo asingekufa. Lakini zilikuwa pumba.

"Umeweka sukari, baba?" Mama akamuuliza. Humwita baba kwa sababu mzee amebeba jina la baba yake Mama.

"Nimeweka."

"Sawa. Basi kunywa."

Akanywa. Akaongeza kingine. Mama akanishika mkono akanivuta nje, tukazunguka nyuma ya jikoni, na hapo akaangua kicheko. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka fimbo ikamtoka, akashika ukuta, kisha akaniegemea mimi, machozi yanateremka. "Woi, nimemlisha mtoto wangu chakula ya kuku," akasema. Nikamwambia asijali, kesho asubuhi tuangalie kitandani kama ametaga. Tukaanza upya. Mzee akaita kutoka ndani kuuliza ni nini kinachotuchekesha, na Mama akamjibu kwamba ni jogoo.

Hatukumwambia. Hata leo hajui, labda ajue akisoma hapa. Tulipompikia uji halali wa wimbi wiki iliyofuata, alionja, akafikiri, akasema ni mzuri lakini ule wa kwanza ulikuwa na kitu fulani.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Mau, na wifi zangu wakaja. Walikuja wamevaa nguo za kikao. Mkubwa alikuwa ameshaongea na mtu wa kukodi shamba, alituambia hata kabla ya kukaa. Mama alikuwa ndani akisikia. Akatoka amevaa koti lake la kanisani na viatu vya kamba, fimbo mkononi.

"Mnataka kuona?" akasema. "Njooni mwone."

Kutoka mlangoni kwetu hadi lami ni barabara ya udongo wa murram inayopanda, yenye mawe na mitaro iliyochimbwa na mvua za mwaka jana. Njia ya bandani haina mawe ya namna ile. Nilikuwa naijua ile barabara. Akaanza. Sisi tukafuata nyuma, mzee, wifi zangu wawili, na mimi. Majirani wakatoka kwenye milango. Alitembea polepole lakini alitembea, akipima kila jiwe kwa fimbo, na nikaona wifi mdogo akijifuta macho, nikajua huyo tayari yuko upande wetu.

Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia pikipiki ilipotokea kwa kasi kutoka juu, imebeba magunia. Mwenye pikipiki alimwona akakwepa, lakini vumbi likamfunika Mama mzima. Akarudisha mguu nyuma, mguu ukakosa mahali, na akaenda chini. Si vibaya. Kwa goti moja na mkono. Lakini alienda chini.

Mzee wangu akaruka kumfuata. Na mimi nikamshika koti kwa nyuma.

"Mwache!"

"Niachilie, wewe! Mama ameanguka!"

"Nimeona. Mwache!"

Wifi mkubwa akaniuliza mimi ni mwanamke wa aina gani. Mzee alikuwa akivuta, mshono wa koti ukipasuka nausikia, na nikamshika kwa mikono miwili. Nilijiambia kama amevunjika tena, hii familia haitanisamehe, na itakuwa na haki. Lakini mtoto wake akimgusa, ndio basi. Nyumba itafungwa, ng'ombe atauzwa, na yule mama atarudi kuangalia ukuta wangu mpaka afe.

Mama hakuwatazama watoto wake. Alinitazama mimi. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi. Akaichimbia fimbo kati ya mawe mawili, akaishika kwa mikono yote, akavuta pumzi. Mara ya kwanza hakuweza. Akatulia. Akatamka lile neno ambalo padri hapaswi kulisikia, akajisukuma tena, na goti likaachana na murram. Alipokwisha kusimama wima akajikung'uta koti, mbele na nyuma, bila haraka, kisha akaendelea kupanda.

Alifika lami. Kuna mama anayeuza mboga pale, akampa kiti chake, naye akaketi akatazama magari yanayokwenda upande wa Elburgon. Mzee na dada zake walikuwa wamesimama huko chini wakibishana, wifi mkubwa akisema kuanguka ni kushikwa, wifi mdogo akimwambia akome, na mzee, Mungu ambariki, akisema Mama amefika na maneno yamekwisha. Mimi nikapanda peke yangu hadi kwake.

Goti lake lilikuwa limechubuka, damu kidogo imepita kwenye soksi. Nilipiga magoti nikamfuta kwa leso yangu.

"Ulimshika huyo," akasema.

"Nilimshika, Mama."

"Ana nguvu, huyo. Alikuwa mtoto mzito."

"Koti lake limepasuka."

"Nitalishona leo," akasema. "Halafu kesho asubuhi unipeleke nyumbani. Wewe, si hao."

Nikasema sawa. Ndilo jambo nililoliomba kwa magoti tangu siku ya kwanza alipoingia kwangu, na sasa nilikuwa nimepewa. Nikaifikiria asubuhi ya kesho kutwa, jikoni kwangu, hakuna mtu wa kuniambia ninakosea. Nikaanza kulia kama mjinga, pale pale mbele ya mama mboga.

"Shh, msichana," Mama akasema kwa sauti ya chini. "Wasikuone. Watafikiri nimeshindwa."

Nikageuza uso upande wa lami, nikalia huko, na yeye akanishika mkono mpaka nilipomaliza.